Pua ya Subaru

Watu wengi hapa Dar es Salaam wanaamini kile kitundu kilichoinuka juu ya boneti ya Subaru ndiyo pua yake. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye vijiwe, nje ya kumbi za harusi msafara unapojipanga, na hata kwenye chumba cha habari, ambako tunalipwa kwa kuhakiki mambo. "Ile ndiyo inavuta upepo, ndiyo maana zinakimbia." Si kweli. Hewa inayoingia pale haiendi kuchomwa na petroli. Inapita katikati ya mapezi ya intakula, inayapooza, halafu inamwagika chini ya gari na kwenda zake. Pua yenyewe iko kwingine: mdomo mdogo wa plastiki nyeusi, mbele kabisa, juu ya rejeta, nyuma ya grili. Hauna sura wala sifa. Hakuna aliyewahi kuupiga picha akaweka kwenye simu.

Nilijifunza hayo nikiwa na miaka thelathini na kitu, nina shahada ya uandishi wa habari, na sina hata gari la kwangu. Aliyenifikisha huko ni mdogo wangu wa kiume, na mkopo wa mama.

Mdogo wangu ana Forester yenye tabo, ya mwaka 2005, iliyoingia nchini kutoka Japani ikiwa imeshatembea sana kama ndugu zake wengi. Alidunduliza miaka minne. Pesa ilipopungua, mama akakopa kwenye VICOBA yake. Mama anauza vitenge, na wadhamini wake walikuwa kina mama watatu anaofanya nao biashara. Anayejua VICOBA anajua kwamba dhamana pale siyo kadi ya gari. Dhamana ni uso wako. Ukishindwa kurejesha, wanaokulipia ni walewale mnaokaa nao kwenye mikeka ya msiba, na hawatakwambia kitu, watakuangalia tu.

Gari lile ndilo linalomlisha. Mwisho wa wiki anakodiwa kwenye misafara ya harusi, siku za katikati anapeleka wafanyabiashara mikoani. Kwa hiyo mtu akiniambia habari za injini ni mambo ya wanaume na gereji zao, namwambia hapana. Kwetu injini ile ilikuwa inazungusha marejesho ya kila mwezi.

Sasa mwaka jana akanunua bomba. Bomba la alumini, linang'aa kama sufuria ya mgeni, na mwisho wake limefungwa chujio jekundu lenye umbo la koni, wazi, bila boksi. Shilingi laki tatu na themanini. Muuzaji alimwambia ni bomba la hewa baridi na kwamba litaongeza nguvu. Lile boksi jeusi la plastiki lililokuja na gari, pamoja na ule mdomo wake wa mbele, akavitoa akavitupa stoo.

Sikatai, sauti ilibadilika. Ukikanyaga mafuta gari lilikuwa linavuta kwa mluzi, ukiachia linapiga chafya, pshuuu, na watoto wa mtaani wakawa wanalisubiri kona. Mdogo wangu akawa anaendesha kioo kikiwa wazi hata kama kuna vumbi. Akatangaza kwamba mwezi wa saba angempeleka mama Mbeya kwenye arobaini ya mjomba, na safari hii hakuna cha basi.

Kabla ya safari akaenda kubadilisha oili, nami nikamsindikiza. Fundi wetu ni mzee wa makamo, gereji yake iko Tabata chini ya mwarobaini, haina bango. Akafungua boneti, akanyamaza.

"Nani kakuwekea hii?"

"Mwenyewe, mzee. Ni la hewa baridi."

Fundi hakubisha. Alimwambia aache injini iungurume dakika kumi bila kutembea, akaenda kunywa chai. Aliporudi akamshika mdogo wangu mkono, akausogeza karibu na lile koni jekundu, mgongo wa kiganja ukitangulia kama mama anayepima homa ya mtoto. Kisha akauhamishia mbele, nje ya grili, mahali ulipokuwa ule mdomo wa zamani.

"Wapi pana baridi?"

Mdogo wangu hakujibu.

"Mwanangu, umemnunulia mtu feni, ukaenda kuiweka juu ya mafiga."

Mimi ndiye niliyeanza kuuliza maswali, maana ndiyo kazi yangu. Niliuliza pale, nikaenda kusoma, nikarudi kuuliza tena. Ninachokieleza hapa ni kile nilichoelewa.

Injini haili petroli peke yake. Kila gramu moja ya petroli inahitaji karibu gramu 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Angalia kwamba ni gramu, siyo lita. Injini inahesabu uzito, na hewa ya moto ni nyepesi kwa sababu chembe zake zimetawanyika. Hewa ya nyuzi joto 60 ina uzito pungufu kwa takriban asilimia 9 kuliko hewa ya nyuzi joto 30, kwa ujazo uleule na presha ileile. Silinda imejaa lakini haijashiba, kama mtu aliyekunywa uji mwepesi.

Tabo ilibuniwa kutibu njaa hiyo. Ni vifeni viwili vidogo kwenye shafti moja. Kimoja kinazungushwa na moshi wa ekzosi unaotoka, kingine kinashindilia hewa inayoingia, na vinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Ni wazo la mtu asiyependa kutupa kitu: moshi uliokuwa unapotea bure ukapewa kazi.

Ila hewa ukiishindilia inapata joto. Aliyewahi kujaza upepo wa baiskeli kwa pampu ya mkono, akagusa pampu mwishoni, anajua. Ukichukua hewa ya nyuzi joto 30 ukaifanya presha yake iwe mara mbili kwa tabo ya kawaida, inatoka ikiwa na karibu nyuzi joto 120. Ukianza na hewa ya 60, kwa tabo ileile na presha ileile, inatoka na karibu 160. Ona kilichotokea hapo. Ulianza na nyongeza ya nyuzi 30, umemaliza na nyongeza ya karibu 40. Joto la mwanzo limezaa riba, na familia yetu habari za riba hatuhitaji kufundishwa.

Kazi ya intakula ni kulipunguza deni hilo kabla hewa haijaingia kwenye silinda. Inafanya kazi kubwa, na haki yake lazima isemwe: gari likiwa linatembea vizuri na upepo unaingia kwenye kile kitundu cha boneti, sehemu kubwa ya ile tofauti inafutika. Ndiyo maana wauza mabomba nao wana wateja wanaorudi wakisifu. Kwenye barabara nyeupe, asubuhi, ubaya hauonekani. Lakini intakula ya Subaru hii imelala juu ya injini yenyewe. Gari likisimama, upepo unakatika na joto la chini linapanda kuipasha. Wajapani waliotengeneza Impreza STI walilijua hilo, wakaweka tangi la maji na kitufe cha kuinyunyizia intakula maji. Mtu hatengenezi bafu la intakula kama joto ni jambo la mchezo.

Nikaazima kile kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma kompyuta ya gari kupitia simu. Kwenye Forester hii kuna sensa inayopima joto la hewa kabla haijafika kwenye tabo, yaani inakwambia pua inavuta nini. Siku ya kwanza, bomba likiwa bado limefungwa, tulitoka Buguruni kuelekea Ubungo saa saba mchana. Nje palikuwa na nyuzi joto 31. Kwenye foleni simu ikasoma 48, ikaja 55, ikagota 63. Tulipopata njia ikashuka hadi 42. Siku ya pili fundi alishamrudishia boksi la zamani na mdomo wake. Barabara ileile, saa ileile, jua lilelile. Kwenye foleni ilipanda hadi 46. Njia ilipofunguka, dakika mbili tatu tu, ikasoma 34. Huo siyo utafiti, ni siku mbili za watu wawili wanaotoka jasho ndani ya gari lenye kiyoyozi kibovu. Lakini mdogo wangu ndiye aliyekuwa anasoma namba kwa sauti, na nilimsikia sauti yake ikipungua.

Joto peke yake lisingenitisha sana. Kompyuta ya gari siyo mjinga. Ikiona hewa ni ya moto inachelewesha cheche za plagi, inakunyima nguvu kidogo ili isiue injini. Kilichonitisha ni jambo la pili, ambalo fundi alilisema huku anafuta mikono, kana kwamba ni dogo.

Kwenye njia ya hewa ya gari hilo, palepale penye sensa ya joto, kuna nyingine inayopima wingi wa hewa inayopita. Waliolitengeneza waliipanga kwa upana wa bomba lao. Lile bomba jipya lilikuwa pana zaidi. Hewa ikipita kwenye bomba pana inapita polepole, kama mto unapofika bondeni. Sensa inaona mwendo mdogo, inaiambia kompyuta hewa ni kidogo, kompyuta inamwaga petroli kidogo. Kumbe hewa ni nyingi. Mchanganyiko unakuwa mkavu, na mchanganyiko mkavu unaungua kwa joto kali. Weka juu yake hewa iliyoanza na 63, weka na petroli isiyoeleweka ya kituo cha njiani, halafu mwambie dereva akanyage. Mafuta yanalipuka ndani ya silinda kabla ya zamu yake, pistoni inapigwa nyundo ikiwa bado inapanda. Injini inagonga. Ikigonga vya kutosha, pistoni inapasuka. Mafundi wanasema imenoki, neno fupi tu, na mwenye gari anakaa chini.

"Na Mbeya mnapita wapi?" fundi akauliza, ingawa alijua.

Kitonga, bila shaka.

Hapo ndipo nilipoelewa alikuwa anaogopa nini. Ukitoka Ruaha Mbuyuni, penye vitunguu barabarani na joto kali, unaanza kupanda mlima wenye kona za kukunja shingo nyuma ya malori yanayotambaa. Mwendo ni mdogo kwa hiyo upepo hautoshi. Mzigo ni mkubwa kwa hiyo tabo inashindilia kwa nguvu. Foleni ya Buguruni ina joto lakini haina mzigo. Barabara ya Morogoro ina mzigo lakini ina upepo. Kitonga inakupa ubaya wote kwa pamoja. Na ukishapanda, hewa yenyewe inapungua. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na pale presha ya hewa imeshapungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar. Injini isiyo na tabo inaisikia njaa hiyo mara moja. Yenye tabo inaweza kuifidia, ila kwa kuzunguka zaidi, na kuzunguka zaidi ni joto zaidi.

Habari za milima na tabo ni za zamani. Mwaka 1918 mhandisi Mmarekani Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, mita zaidi ya 4,300, kuijaribu ikiwa na tabo. Ndege za wakati huo zilikuwa zinaishiwa nguvu kadiri zinavyopanda, na yeye alitaka kuonyesha kwamba injini inaweza kupewa pumzi ya chini hata ikiwa juu. Ikawezekana. Naipenda habari hiyo kwa sababu hakuongeza ukubwa wa injini. Alishughulika na pumzi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki nako kuna shule ya pumzi, nayo ni Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Tazama picha za magari yaliyoshindana Kenya miaka ya 1990, ikiwemo Impreza ambayo Colin McRae alishinda nayo mwaka 1997. Kwenye nguzo ya kioo cha mbele limepanda bomba hadi usawa wa paa. Ni la kuvutia hewa kutoka juu, mbali na maji ya kuvuka mito na mbali na vumbi. Landcruiser za watalii kule Serengeti zinavaa bomba hilohilo, na watu wanadhani ni la mito tu. Malori ya Kitonga nayo mengi yana mnara wa hewa nyuma ya kibini. Hawa wote wanatafuta jambo moja: pua ikae mahali penye hewa safi na ya baridi, hata kama gari litapoteza sura.

Halafu kuna Toyota. Mwaka 1995 kanuni za mashindano ya dunia zilitaka hewa yote ya tabo ipite kwenye tundu la kipenyo cha milimita 34, ili magari yasizidiane nguvu kupita kiasi. Kwenye rali ya Catalunya, Hispania, wakaguzi wakagundua kwamba kwenye Celica za timu ya Toyota kile kipande kilikuwa na ufundi uliofichwa ndani: kikifungwa kwenye gari kinasogea na kuacha hewa ipite pembeni, kikifunguliwa kukaguliwa kinarudi mahali pake kama mtoto aliyesikia hatua za baba. Timu ikavuliwa pointi zote na kufungiwa mwaka mzima. Watu wenye akili kiasi kile, kwenye kampuni kubwa kiasi kile, walihatarisha jina lao kwa ajili ya upenyo wa hewa. Niliposimulia, mdogo wangu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Alicheka, lakini alikuwa na hoja, na hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotarajia. "Dada, wewe unaongelea nguvu. Wateja wangu hawalipii nguvu. Wanalipia sauti." Ni kweli. Kwenye msafara wa harusi magari yanatembea mwendo wa maandamano. Bwana harusi anayekodi Forester sita hataki kufika haraka. Anataka mtaa ujue. Lile bomba lilikuwa limeshamletea kazi mbili. Kumwambia mtu aache sauti inayomlipa, ili alinde pistoni asiyoiona, ni kumwomba aamini kitu kisicho na sura dhidi ya kitu chenye risiti.

Sikuwa na jibu. Mzee ndiye aliyekuwa nalo. "Kelele itoke nyuma, pumzi iingie mbele." Alimaanisha sauti itafutwe kwenye ekzosi, upande ambao kazi imeshakwisha na hewa haina deni tena. Kwa elfu sitini akamtengenezea mufla yenye mngurumo wa kutosha kuamsha ukumbi. Boksi jeusi likabaki mahali pake.

Mbeya walikwenda. Mimi nilibaki kazini, nikawa napiga simu. Walipofika juu ya Kitonga mdogo wangu akanitumia picha ya simu yake: hewa ya kuvuta nyuzi joto 44, na lori mbele yao. Mama hakuambiwa lolote kuhusu sensa wala pistoni. Alichonilalamikia ni kwamba gari lina kelele nyuma na hakuweza kulala.

Wewe mwenye gari la tabo, fanya kama mzee. Washa injini, subiri dakika kumi, peleka mgongo wa kiganja mahali gari linapovutia hewa, halafu upeleke mbele ya grili. Mkono hauna stika wala muuzaji.

Marejesho ya VICOBA yamebaki ya miezi miwili. Bomba linang'aa stoo, linauzwa laki mbili, na kila anayekuja kuliangalia anauliza kwanza kama linalia.